Uliza Fundi: Taa ya injini imewaka, ninunue kifaa gani?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, na gari langu nalihudumia mwenyewe nyumbani: oili, plagi, pedi za breki. Taa ya injini iliwaka, nikaenda gereji nikapimiwa kwa kompyuta, nikaambiwa namba ni P0171 na kwamba nibadilishe sensa ya oksijeni. Nimebadilisha. Taa imerudi. Nimechoka kulipia kusomewa namba, nataka kifaa changu mwenyewe, lakini naona vipo vya kila namna, kuanzia kidude cha ukubwa wa kiberiti hadi tableti nzima. Fedha yangu ni ya kubana. Ninunue kipi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole kwa gharama ya sensa. Namba hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha mimi kuchagua kifaa, kwa hiyo nianzie hapo.

P0171 inasema kwamba mchanganyiko unaoungua ndani ya injini una hewa nyingi na mafuta machache. Imeishia hapo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka habari kwa kompyuta, na mara nyingi sensa iliyopeleka habari ni nzima. Ukiing'oa, umemfukuza shahidi aliyesema kweli.

Wakati huo nilikuwa na kifaa cha bei ya chini kabisa, kile chenye kioo kidogo kinachosoma namba na kuzifuta, basi. Gari langu likatoa P0171. Nikafuta, ikarudi siku ya tatu. Nikabadilisha sensa kama wewe, ikarudi. Nikabadilisha chujio la mafuta, ikarudi. Ndipo rafiki yangu akaniazima adapta yake ya kuunganisha na simu, na kwa mara ya kwanza nikaona data mubashara, yaani vipimo vya sensa vikibadilika mbele ya macho huku injini inazunguka.

Katika orodha ile kulikuwa na mistari miwili, STFT na LTFT. Hiyo ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Wa kwanza ni wa papo hapo, wa pili ni wa muda mrefu. Injini yenye afya huchezacheza karibu na sifuri, na ikibaki ndani ya kumi juu au chini siihangaikii. LTFT yangu, injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, ilisoma +19. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika nikashikilia hapo. Ikashuka taratibu: 15, 11, 7, ikatulia kwenye +4.

Kwa fundi, mteremko huo unaeleza mengi. Hewa inayoingia kwa wizi kupitia ufa ni kubwa ukiilinganisha na hewa kidogo ambayo injini inavuta ikiwa imetulia. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta hewa nyingi kwa njia yake halali, na ile ya wizi inakuwa haba. Kama ugonjwa ungekuwa pampu dhaifu au chujio lililoziba, asilimia ingepanda kadiri ninavyokanyaga, maana hapo ndipo mafuta mengi yanapohitajika.

Nikachukua tochi nikafuata kila mpira ulio baada ya sensa ya hewa. Nyuma kabisa ya manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenda kwenye silinda, palikuwa na kiwiko cha mpira, hakizidi urefu wa kidole, na kwa juu kilikuwa kizima machoni. Nilipokibinya kwa dole gumba, upande wa chini ukafunguka mdomo. Mpira ulikuwa umevimba na kulainika kwa mvuke wa oili, ufa umekwenda nusu ya mzunguko wake. Kiwiko hicho kilikuwa cha bei ndogo kuliko kila kitu nilichokuwa nimekwisha kubadilisha. Nilipokivalisha kipya, LTFT ilikuja kutulia kwenye +2 baada ya siku chache za kuendesha, na taa haikuwaka tena.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwako ni hili: kifaa kionyeshe data mubashara. Cha kusoma namba peke yake kiache hata kama ni rahisi sana, kwa sababu kitakurudisha palepale pa kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Sharti la pili, kiweze kusoma kumbukumbu ya tukio. Taa inapowaka, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa dakika ile: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Namba iliyotokea injini ikiwa baridi asubuhi na namba iliyotokea ukipanda mlima huenda zikawa na vyanzo tofauti kabisa. Nakuomba sana, mwalimu, usifute namba yoyote kabla hujaipiga picha pamoja na kumbukumbu yake, maana ukifuta, vyote viwili vinaondoka.

Kwa mfuko wa kubana, adapta ya simu inatosha sana. Nyingi zimeandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyotengenezwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Toleo la kwanza la chipu hiyo halikuwekewa kinga ya kunakiliwa, likanakiliwa duniani kote, na ndiyo sababu adapta hizi zimekuwa za bei nafuu. Nakala zenyewe hazifanani. Nyingine ni nzuri, nyingine zimeandikwa v2.1 huku zikikosa amri ambazo chipu halisi ilikuwa nazo, na hizo zinaweza kusoma gari jipya vizuri kisha zikakataa kabisa gari la zamani. Namba ya toleo kwenye boksi isikuvute. Nunua mahali unapoweza kurudisha, na ijaribu kwenye gari lako siku hiyohiyo. Ukiweza kuongeza kidogo, zipo adapta kama OBDLink zinazotumia chipu nyingine inayoelewa amri zilezile na inayosoma kwa kasi zaidi. Angalia na simu yako pia: adapta ya Bluetooth ya kawaida inakubali Android, lakini iPhone inataka ya Wi-Fi au ya Bluetooth LE. Wengi wanakwama hapo na kudhani kifaa ni kibovu. Programu za kuanzia zipo, kama Torque kwa Android au Car Scanner, na matoleo ya bure yanaonyesha STFT na LTFT.

Kama hupendi kuhangaika na simu, skana ya mkononi yenye waya wake ni nzuri vilevile. Inapata umeme kutoka kwenye gari na inawaka mara ukichomeka. Uliza tu kama inaonyesha data mubashara.

Kabla ya kulipa, pima na gari lenyewe. Chini ya dashibodi, karibu na usukani, tafuta soketi ya pini 16. Magari yaliyouzwa Marekani yanalazimika kufuata OBD-II, kanuni ya pamoja ya jinsi kompyuta ya gari inavyosomwa, tangu toleo la 1996. Umoja wa Ulaya ulianza na ya petroli mwaka 2001. Tahadhari ni kwa magari ya miaka hiyo yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani. Mengi yana soketi ileile lakini yanaongea lugha ya kiwanda chao, na adapta ya kawaida itakuambia haiwezi kuunganishwa. Fungua boneti utazame kibandiko cha moshi. Mara nyingi kimeandikwa OBD II, EOBD (ya Ulaya) au JOBD (ya Japani).

Ukishapata kifaa, niandikie LTFT inasoma ngapi gari likiwa limetulia na ngapi kwenye 2,500. Tutaendelea kutoka hapo.

Swali: Habari za kazi, fundi. Nilinunua adapta ya simu, injini inasomeka vizuri, lakini taa ya ABS, ile ya breki zinazozuia magurudumu kufunga, imewaka na programu inasema hakuna hitilafu. Nimeuziwa feki?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Pengine adapta yako ni nzima. Sheria iliyoleta soketi hii ilihusu moshi, kwa hiyo kinachosomeka kwa lugha ya pamoja kwenye magari yote ni injini na vinavyogusa moshi, zile namba zinazoanza na P0. Breki za ABS, mifuko ya hewa na kompyuta ya bodi vina namba za C na B, na kila kiwanda kina njia yake ya kuzifikia. Unahitaji programu au skana inayolijua gari la aina yako. Mwenye Ford au Mazda ana FORScan, ambayo inakwenda mbali mno ukilinganisha na bei yake. Mwenye Volkswagen, Audi au Skoda ana VCDS, ila hiyo inatumia kebo yake maalumu. Kwa gari jingine, tafuta skana ya mkononi iliyoandikwa wazi ABS na SRS (yaani mifuko ya hewa), na uhakikishe modeli na mwaka wa gari lako vimo kwenye orodha yake. Jina la kampuni ya gari peke yake lisikutoshe.

Wakati huohuo, usiendeshe kwa kudharau taa hiyo. Breki za kawaida kwa kawaida zinaendelea kushika, lakini kinga ya magurudumu kufunga huenda haipo.

Swali: Fundi, naweza kuiacha adapta imechomekwa muda wote ili nione joto la maji nikiendesha?

Jibu: Ukiendesha, iache. Ukizima gari, ichomoe. Pini ya 16 ya soketi ina umeme wa betri hata funguo ikiwa mfukoni, na adapta nyingi za bei nafuu hazijui kulala. Gari likikaa wiki mbili na betri imechoka, asubuhi stata haitazunguka. Vilevile adapta nyingi za Bluetooth zina namba ya siri 1234 au hazina kabisa, na mtu aliye jirani anaweza kujiunga.

Swali: Shikamoo fundi. Nataka kununua gari lililotumika. Nasikia wauzaji hufuta taa ya injini kabla mnunuzi hajafika. Kifaa cha bei nafuu kinaweza kunisaidia kugundua?

Jibu: Marahaba. Kinaweza, na hii ni kazi moja ambayo kifaa kinaweza kurudisha gharama yake kwa siku moja.

Mtu anapofuta namba, kompyuta inasahau pia majaribio iliyokwisha kujifanyia: katalisti (kisafisha moshi), sensa za oksijeni, mvuke wa tangi. Kwenye kifaa tafuta ukurasa wa hali ya majaribio, ambao kwa kawaida umeandikwa "Readiness". Gari linaloendeshwa kila siku litaonyesha karibu yote yamekamilika. Ukikuta mengi hayajakamilika, namba zimefutwa karibuni au betri ilitolewa. Muuzaji anaweza kukuambia betri ni mpya, na inaweza kuwa kweli; basi itazame betri yenyewe.

Kisha ingia kwenye data mubashara utafute umbali tangu namba zilipofutwa na idadi ya mara injini ilipopata joto tangu hapo. Si magari yote yanayotoa vipimo hivi, lakini yakitoa, ni vigumu kubishana navyo. Tazama pia namba zinazosubiri, maana hizo huingia kabla taa haijawaka.

Mwambie muuzaji mapema kwamba utakuja na kifaa, na umwombe asiliwashe gari kabla hujafika. Washa swichi bila kuwasha injini, uone kama taa ya injini kwenye dashibodi inawaka. Isipowaka, huenda balbu imeondolewa. Baada ya hapo chomeka. Kipimo kikisema kilomita 9 tangu kufutwa, muulize kwa upole taa ilikuwa inasema nini, kisha omba kuliendesha kwa siku mbili kabla ya kutoa hata senti ya kwanza.