Miguu imeisha nguvu baada ya mkanda wa jeshi: je, sindano ya mgongo itampoozesha?

SWALI: Mume wangu, dereva wa lori, miaka 41, alitoka mkanda wa jeshi kifuani. Vipele vilikauka, lakini wiki mbili baadaye miguu iliisha nguvu na mkojo ukagoma. Kliniki ya jirani ilimchoma deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) siku tatu. Sasa hospitali inataka kumtoa maji ya mgongo, ila shemeji zangu wanakataa, eti sindano hiyo ndiyo hupoozesha watu. – Msomaji, Hoima

JIBU: Dada, kubalini kipimo, tena leo. Ugwe wa mgongo, yaani kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ambako kuna nyuzi za fahamu zinazoelea majini tu. Huchukuliwa mililita chache, na mwili hutengeneza kama 500 kwa siku. Kichwa kinaweza kumuuma siku kadhaa. Watu huiogopa kwa sababu wagonjwa hupelekwa wakiwa hoi, kisha anayefariki husemwa ameuawa na sindano. Mumeo alianza kupooza kabla hajaguswa.

Swali la maana la kumuuliza daktari ni hili: je, amepigwa MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mgongo? Kama kifua kikuu cha mifupa au uvimbe unabana ugwe, hilo lijulikane kabla ya kutoa maji.

Virusi vya tetekuwanga, jamaa wa hapesi, hujificha kwenye mizizi ya fahamu miaka mingi. Vikiamka hutokea ngozini kama mkanda wa jeshi, na mara nyingine hupanda ndani hadi kwenye ugwe. Ngozi kukauka hakuonyeshi kwamba ndani kumepona. Daktari akishuku hivyo, asiklovia ya mshipa, dawa ya kuua virusi hivi, ianze bila kungoja majibu ya maabara: miligramu 10 kwa kila kilo, kila saa 8, siku 14 hadi 21. Mwenye kilo 60 hupata miligramu 600 ndani ya mililita 100 za saline (maji ya chumvi ya dripu), zikidondoka saa nzima. Ikisukumwa haraka, au mgonjwa akikaukiwa maji, dawa huganda kama chembe kwenye figo, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ipimwe. Vidonge havitoshi, sehemu kubwa haifyonzwi tumboni. Apimwe pia VVU, awekewe mpira wa mkojo na ageuzwe kila saa 2, maana vidonda vya kulalia huanza upesi.

Sasa hizo deksa. Hutuliza uvimbe, maumivu yakapungua, mgonjwa akasifu kliniki, huku kinga ikishushwa na virusi vikiachwa huru. Bingwa anaweza kuongeza steroidi, lakini juu ya asiklovia. Huko kwenu karibu na Ziwa Albert hata kichocho hushambulia ugwe kwa dalili hizihizi, na dawa yake ni prazikwanteli. Anayechoma deksa na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa kila mgongo unaouma, bila kupima nguvu za miguu wala kuuliza kama mkojo unatoka, anabahatisha na miguu ya mtu. Mganga anayechanja chale na kupaka majivu kwenye malengelenge anaongeza usaha tu. Mkanda wa jeshi ukitoka, asiklovia ya vidonge, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, ianze ndani ya saa 72. Na miguu ikilegea au mkojo ukikwama, pitilizeni kliniki, nendeni moja kwa moja hospitali ya rufaa.