Mbuzi, wauza mihogo na shahada mbili

Safari hii zimekuja barua mbili kutoka Kigoma, na zote zinauliza jambo moja. Naanza na fupi, maana aliyeiandika ni mtu mzima na hapendi kusubirishwa.

SWALI: Mwanangu, habari za kazi. Binti yangu kamaliza chuo, sasa ananiambia kuna vyuo Marekani ukisoma miaka miwili unatoka na shahada mbili za uzamili, moja ya biashara, nyingine ya uongozi wa michezo. Mimi nauza dagaa Kibirizi, hesabu naijua, moja haijawahi kuwa mbili. Na kuna kijana anataka laki nne amwombee nafasi. Hawa si matapeli?
*Mama, Ujiji*

JIBU: Shikamoo mama. Shahada zenyewe ni za kweli. Chuo Kikuu cha Ohio, kilichoko mji wa Athens, kilianza kufundisha uongozi wa michezo mwaka 1966, kabla vingine havijalifikiria jambo hilo, na kina mpango wa kuisoma shahada hiyo pamoja na ile ya biashara, MBA. Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst nacho kimekuwa na mpango wa namna hiyo, na cha Central Florida kule Orlando pia. Moja inakuwa mbili hivi: kuna masomo ambayo mtu angeyakuta huku na huku, kama uhasibu, masoko na fedha. Akiyasoma mara moja, yanahesabiwa pande zote mbili. Ni kama unapokodi bajaji moja kutoka Kibirizi ukapakia dagaa na madumu ya mawese. Mizigo miwili, nauli moja.

Wa kuogopa ni huyo kijana wa laki nne. Fomu anajaza mwombaji mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, na ada ya maombi inakwenda chuoni moja kwa moja. Kama hujampa, usimpe. Kama umeshampa, mdai leo kabla hajabadilisha namba.

SWALI: Shikamoo dada. Nina umri wa miaka 27, nina shahada ya biashara, GPA 3.6. Ninatunza hesabu kwenye ghala la mawese, na jioni mimi ni mweka hazina wa timu yetu ya mtaa hapa Mwanga. Nataka kuomba hizo shahada mbili, biashara na michezo. Insha nimeshaandika, nimeiambatisha. Inahusu fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 hapa kwetu Lake Tanganyika, jinsi nilivyolia kwa furaha nikajua mpira ndio maisha yangu. Barua za mapendekezo nitapewa na kiongozi mmoja mkubwa wa mkoa, ni rafiki wa baba mdogo. Pia huwa naandaa ndondo ya mbuzi kila mwaka, mashindano ya mtaani ambayo zawadi yake ni mbuzi. Nina nafasi? Na hela nitatoa wapi?
*Mweka Hazina, Mwanga*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Insha yako nimeisoma mara mbili. Siku ile na mimi nilikuwa uwanjani, kwa hiyo machozi nayaelewa. Lakini watu waliolia siku ile hawahesabiki, nusu kwa furaha na nusu kwa Yanga, na wote wangeweza kuiandika insha hiyo hiyo. Nakwambia haya kwa uchungu, maana mara ya kwanza nilipoomba niliandika kuhusu redio ya baba na sauti ya mtangazaji usiku. Niliipenda sana insha ile. Vyuo vitatu vilinikatalia, na kimoja hakikumaliza hata wiki mbili.

Kilichonishangaza kwako ni ule mstari wa ndondo, ulioupachika mwishoni kama mtu anayeona haya. Nikakuandikia ujumbe kuuliza hesabu, ukanitumia picha ya ukurasa wa daftari. Nauweka hapa kwa ruhusa yako. Timu 16, kila moja elfu hamsini ya kiingilio: laki nane. Mechi 15 za mtoano, waamuzi elfu thelathini kila mechi: laki nne na nusu. Mbuzi laki moja na nusu, seti ya jezi laki na thelathini, mipira miwili elfu sabini. Jumla ya matumizi, laki nane kamili. Yaani mpira wenyewe haukukuachia hata mia. Halafu chini kabisa, kwa kalamu nyingine: wauza mihogo, karanga na maji, watu kumi, kila mechi buku. Laki moja na nusu.

Umeona ulichokifanya? Timu zililipa gharama za mashindano, faida ikatoka kwa mihogo ya kukaanga. Hiyo ndiyo biashara ya michezo, na klabu kubwa zinaishi kwa hesabu ya aina hiyo: mlangoni wanapata kiasi, lakini hela nene inatoka kwa anayetaka kuwauzia kitu watu waliokuja kutazama. Azam Media, wenye televisheni, waliposaini na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 225.6, walikuwa wauza mihogo wakubwa, hawakunituma niseme hivyo. Ifute ile fainali. Anza na daftari. Eleza ulivyojua kuwatoza buku na si elfu mbili, nani aligoma, na mwaka uliofuata ulibadilisha nini. Mwishoni sema ni kitu gani hukujua kukifanya, ambacho unakwenda kukisoma. Hapo ndipo shahada mbili zinapopata maana. Kama unachotaka ni mpira peke yake, omba ile ya michezo peke yake usijitese na takwimu za watu wa benki.

Barua za mapendekezo. Rafiki wa baba mdogo mshukuru, mwache. Mimi nilipewa barua na mtu mwenye gari la serikali. Ilikuwa na mistari sita, ikisema nina nidhamu na natoka familia nzuri. Mara ya pili nilimwomba mwalimu wa mazoezi wa timu ya wasichana niliyokuwa naipangia safari. Aliandika kwamba siku basi lilipoharibika Uvinza nilipata lori la chumvi na timu ikafika kabla ya mechi. Wewe mwombe bosi wa ghala, anayejua kama daftari lako linakubaliana na madumu, na mhadhiri mmoja aliyesahihisha kazi zako. Wape miezi miwili, na uwakumbushe bila kuona haya.

Hiyo GPA, tafadhali iandike kama ilivyo: 3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu. Fomu za Marekani zimezoea kipimo cha 4.0, na nimeona vijana wakianguka pande zote mbili. Kuna anayeandika 3.6 tupu, akionekana mwongo transkripti ikifika. Kuna anayejipigia hesabu mwenyewe akapata 2.88, akajishusha bure. Waachie wao, au taasisi watakayokuelekeza, wafanye tafsiri.

Halafu majina. Kwenye picha uliyonitumia, cheti cha kidato cha nne kina u mwishoni mwa jina lako la kati na pasi haina. Kwako ni herufi moja. Kwa kompyuta ya mtihani wa kujiunga na chuo ni watu wawili. Lishughulikie kwa hati ya kiapo kabla hujalipia chochote.

Mtihani, chuo kikiutaka, ni GMAT au GRE. Vingine husamehe, soma masharti ya mwaka wako. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, alama kuanzia 205 hadi 805, na sehemu ya hesabu hairuhusu kikokotoo. Wewe mtu wa ghala umezoea kubonyeza simu, anza kuiweka mbali. Inaweza kufanywa nyumbani kwa intaneti, ila mimi nisingethubutu kwa umeme wetu. Pakia chakula chako, panda treni, kafanyie Dar.

Hela sasa. Bila msaada usiende, na wala usiuze kiwanja cha mama. Unachotafuta kinaitwa usaidizi wa kitaaluma: chuo kinakupa kazi, mara nyingi kwenye idara yake ya michezo, kinakupunguzia au kukufutia ada na kukupa posho. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, basi usihesabu kufika na kutafuta vibarua. Waulize kwa barua pepe kabla ya kuomba: wanafunzi wangapi wa kigeni mwaka jana walipata? Chuo kinachozungukazunguka kwenye swali hilo, kipite.

Na viza yenyewe: masharti ya Marekani kwa Watanzania yaangalie kabla ya kutoa senti, maana yanaweza kubadilika kwa tamko la siku moja. Yakifunga, kuna FIFA Master, inayosomwa Leicester, Milan na Neuchâtel ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ni shahada moja, si mbili, na ushindani wake ni mkali, lakini daftari lako litasomeka hata huko. Popote utakaposoma, ukirudi peleka vyeti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vitambuliwe.

Insha mpya nitumie, nitaipitia bure. Ila kuna kitu daftari halikusema: yule mbuzi alichukuliwa na timu gani, na ni kweli alitoroka siku ya nusu fainali kama ninavyosikia huku Gungu? Kiandike na hicho, pamoja na aliyelipa gharama ya kumtafuta.