Vyumba Vipungue, Uwanja Ubaki

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zinahusu wazee wanaoondoka kwenye nyumba kubwa walizojenga walipokuwa na watoto wa kulea, wakahamia nyumba za vyumba viwili au vitatu. Tumechagua tatu. Kwa kuwa maneno "nyumba ndogo" yana maana nyingine mitaani, na mwandishi wa barua ya kwanza anatueleza kwamba mumewe aliruka kitini alipoyasikia, katika safu hii tutasema "nyumba ya vyumba vichache", ili amani idumu.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni muuguzi mstaafu, ninaishi na mume wangu Forest Mpya, jijini Mbeya. Nyumba yetu ina vyumba sita vya kulala. Kiwanja tulipata pamoja na hati mwaka 1994, tukajenga kidogo kidogo kila tulipopata fedha. Watoto wetu wanne wanaishi Dar es Salaam, Dodoma na Songea, na Desemba iliyopita walikaa kwetu siku 12. Siku nyingine zote ninafagia vyumba ambavyo hakuna aliyelala ndani yake. Dalali ameleta mteja anayetaka kuigeuza nyumba iwe hosteli ya wanafunzi, nami naona tungenunua nyumba ya vyumba viwili upande wa Uyole, na salio likatusaidia uzeeni. Mume wangu, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye hati, hataki kusikia. Anauliza wajukuu watalala wapi, na msiba ukitokea watu watakaa wapi. Mtoto wetu wa kwanza naye amesema kwamba nyumba ya baba haiuzwi baba akiwa hai. Je, nina haki ya kuendelea kulisema jambo hili, au ninyamaze?
Mama wa Forest Mpya, Mbeya

JIBU: Shikamoo, Mama. Naomba nianze na swali la mzee kuhusu msiba, kwa sababu naamini ndilo lenye uzito kuliko yote uliyoyaandika, ingawa umelitaja kwa kupita tu. Mtu wa umri wake akiuliza msiba ukitokea watu watakaa wapi, hazungumzii msiba wa jirani. Anauliza kama yeye mwenyewe atasindikizwa kwa heshima, mbele ya watu aliowazika wazee wao, kutoka kwenye nyumba ambayo jamaa hawataona haya kuielekeza. Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu gharama za rangi na mabati.

Linajibiwa kwa kukumbuka. Kaeni jioni moja mkumbuke misiba mitatu au minne mliyohudhuria hapo mtaani, kisha mjiulize watu walikaa wapi. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, juu ya viti na mabenchi ya kuazima. Akina mama walikaa sebuleni juu ya mikeka, makochi yakiwa yametolewa, na wapishi walikuwa nyuma ya nyumba na masufuria yao juu ya mafiga. Vyumba vya kulala vilikuwa vimefungwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwa shangazi mmoja ambaye hakuna aliyejua alipo. Kwa hiyo kinachobeba msiba, kama kinavyobeba kipaimara na kumuaga binti, ni uwanja, sebule moja pana, nafasi ya kupikia nyuma na njia inayopitisha gari. Nyumba ya vyumba vichache yenye uwanja mpana itamhifadhia mzee heshima yake kuliko nyumba ya vyumba sita iliyobanwa na ukuta pande zote. Msiende Uyole kutazama nyumba. Nendeni kutazama uwanja, na yeye ndiye aupime kwa hatua zake.

Kuhusu wajukuu, siku 12 ni chache, lakini hapo ninatofautiana nawe kidogo: tafuteni vyumba vitatu, si viwili. Chumba cha tatu kitakuwa cha wageni siku za kawaida na cha mgonjwa au mtu wa kumwangalia mgonjwa siku nyingine, jambo ambalo muuguzi hahitaji kuelezwa. Wajukuu wenyewe hawana tatizo, kwani watoto wakitandikiwa magodoro sebuleni wote pamoja huona ndiyo raha ya safari.

Sasa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Maana yake ni kwamba mzee hawezi kuiuza bila wewe, nawe huwezi kuiuza bila yeye, kwa hiyo una haki kamili ya kusema na huna njia ya kumpita pembeni. Mtoto wenu wa kwanza hana kura katika mali ambayo wazazi wake waliipata wenyewe na bado wako hai. Ingekuwa vingine kama nyumba ingetoka kwa babu na mirathi yake haijafungwa, kwani hapo msimamizi wa mirathi na warithi wangepaswa kuhusishwa. Hata hivyo nisingekushauri umrushie kijana kifungu cha sheria. Muulize tu kwa upole kama ana mpango wa kurudi kuishi Mbeya, na kama hana, ni nani atakayepanda juu ya paa kila mvua za Novemba zinapokaribia.

Kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote, fungueni hati mtazame muda wa miliki. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kama yenu ni ya miaka 33 na ilianza kuhesabiwa mwaka 1994, inaisha mwaka 2027, na mnunuzi mjanja atalitumia jambo hilo kuwashushia bei. Kisha kuna kodi. Mkazi anayeuza nyumba hulipa asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kuipata na kuiendeleza. Nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa iwapo faida haizidi shilingi milioni 15, lakini nyumba iliyojengwa kwa shilingi ya miaka ya tisini, ikiuzwa kwa bei ya leo, ni vigumu ibaki chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana kila risiti ya saruji, mabati na fundi mliyoitunza ina thamani, kwa sababu gharama isiyo na uthibitisho ni shida kuipunguza. Msajili hahamishi jina bila uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Na msisahau kwamba siku hiyohiyo mtageuka wanunuzi, na kwenye nyumba mpya kutakuwa na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei.

Utaratibu wa mambo ni muhimu kuliko bei. Nyumba ya Uyole itafutwe, ifanyiwe upekuzi, yaani kuthibitisha mmiliki wake, katika ofisi ya ardhi na bei yake ikubaliwe kwanza, ndipo mkataba wa Forest utiwe saini, na fedha zote zipitie benki. Fedha ya nyumba ikikaa mkononi miezi mitatu bila nyumba, kila ndugu hupatwa na shida yake, nanyi mtajikuta wapangaji.

Wako watakaowashauri mpangishe nyumba kubwa na mjenge kibanda cha vyumba viwili nyuma yake. Ni ushauri unaovutia kwa sababu kodi ya pango huingia, lakini mimi siupendi kwa watu wa umri wenu. Uwanja mtakuwa mmeumaliza kwa kujenga, mabati yanayovuja yatabaki kuwa yenu, na mpangaji atawagongea saa tatu usiku kwamba maji yamekatika. Mtakuwa mmehama vyumba bila kuhama mzigo.

Mzee akiendelea kukataa, mwombe jambo dogo zaidi. Fungeni vyumba vinne kuanzia Juni hadi mwisho wa Julai, mchukue chumba chenu, cha wageni na sebule, msifungue vingine hata kwa kufagia. Baridi ya miezi hiyo itamfundisha mengi, na asipofundishika, basi angalau utakuwa umepumzika kufagia kwa wiki nane.

SWALI: Tumehama kutoka nyumba ya vyumba vitano Gangilonga hadi ya vyumba viwili Kihesa, hapa Iringa. Makochi yetu ya mninga yamegoma kupita mlangoni, na sasa yako barazani chini ya turubai kwa wiki ya tatu. Ndani kumejaa kabati la vyombo vya wageni tulivyopewa siku ya arusi, na masufuria makubwa matatu ya shughuli. Kila ninapotaja kuuza kitu, mke wangu analia. Tufanyeje?
Baba wa Kihesa, Iringa

JIBU: Mzee wangu, futi ya kupimia ilipaswa kutangulia lori, lakini bado ina kazi. Pimeni kila chumba leo. Chumba cha futi 10 kwa 10 kikiingia kitanda cha sita kwa sita kinabakiza futi nne upande mmoja, na kabati la nguo lenye kina cha futi mbili likisimama hapo mnabakiwa na futi mbili za kupita, mlango wa kabati ukiwa haujafunguliwa. Kitanda cha tano kwa sita kinarudisha futi moja nzima, nayo utaihisi usiku unapotafuta swichi.

Makochi ya mninga msiyauze kwa haraka kwa mtu wa kwanza, kwa maana mbao hiyo haipatikani tena kwa urahisi na mnunuzi analijua hilo. Mwite fundi seremala, ikiwezekana aliyeyatengeneza, afungue mikono na miguu kwenye viungo, mwingize kochi moja la watu watatu na viti viwili, na vilivyobaki vitafutieni bei mkiwa mmetulia.

Masufuria ya shughuli ni jambo jingine. Hayo hayakuwa yenu hata mlipokuwa nayo, kwa sababu mtaa mzima wa Gangilonga uliyaazima. Yakabidhini kwa jumuiya yenu au kwa kikundi cha akina mama, kwa makubaliano kwamba siku mkiwa na shughuli mtayapata bila kulipa. Mama hatalia kwa hilo, kwa kuwa heshima ya mwenye masufuria itabaki kwake, na kazi ya kuyasugua itakwenda kwa wengine.

Vyombo vya arusi usiviguse. Mwambie mkeo vianze kutumika kuanzia chai ya kesho asubuhi, na vinavyotoka viwe vile vikombe vilivyomeguka na sahani za plastiki ambazo mmekuwa mkizitumia ninyi wenyewe miaka yote hiyo huku mkiwatunzia wageni vilivyo bora. Nadhani atalia tena kidogo, lakini si kwa sababu ileile.

SWALI: Wazazi wangu wamehamia nyumba ya vyumba viwili hapa Njombe mjini. Mama anasema ina baridi kuliko ile kubwa ya zamani, na jioni huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Nikimkataza anasema hata bibi alifanya hivyo. Nimwambie nini?
Binti, Njombe

JIBU: Jiko litoke leo, maelezo yafuate baadaye. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Humwanza mtu kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na uchovu, na anayedhani ni usingizi akalala, anaweza asiamke. Bibi alifanya hivyo katika nyumba ya miti na nyasi iliyopumua kila upande. Chumba cha matofali chenye dirisha la kioo hakipumui, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo sumu inavyokijaza upesi. Kwa hiyo mazoea yaliyowavusha salama katika nyumba kubwa yanaweza kuwa hatari katika hii.

Ajabu ni kwamba nyumba ya vyumba vichache ingepaswa kuwa rahisi kupata joto. Ikiwa ni baridi kuliko ile ya zamani, inua macho: nina hakika utaona mabati matupu bila dari, na joto lote la miili na la chakula linapanda juu na kupotea. Dari ya mbao za misonobari zinazotoka Mafinga, au hata ya bodi za kawaida, itawasaidia kuliko jiko lolote, na matundu madogo ya hewa yaachwe. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa nje, sakafu ya saruji itandikwe zulia, na mama apewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa ili aiweke miguuni.

Kisha toka nje saa sita mchana utazame nyumba imeelekea wapi. Kwetu huku, kusini mwa Ikweta, jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo madirisha yanayotazama kaskazini hupata jua miezi yote ya baridi, na yanayotazama kusini hayalioni kabisa. Kama chumba cha wazazi kiko upande wa kusini na kile kingine kiko kaskazini, wabadilishane kabla Mei haijaisha.