Bandari ya zamani Kisumu: inafaa kwenda?

Dada, umeuliza kama bandari ya Kisumu ina historia ya kutosha kuwapeleka watoto siku nzima. Siku nzima hapana, asubuhi moja inatosha kabisa. Lakini usiikose.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Meli za kwanza za mvuke zilitengenezwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Ziwa Victoria na kuunganishwa upya. Waambie watoto hilo kabla hamjafika, watatazama kila chuma kwa macho mengine. Vita Kuu vilipozuka 1914, meli za kiraia kama Winifred na Nyanza zilifungwa mizinga, na Juni 1915 zilibeba askari kutoka hapa kwenda kushambulia Bukoba, iliyokuwa ya Wajerumani. Naam, Kisumu hii hii tunayokuja kula samaki ilikuwa kambi ya manowari!

Kilichonigusa mimi ni MV Uhuru, meli ya 1966 iliyolala miaka mingi kabla ya kufufuliwa 2019. Simama pale reli inapofika ukingoni: inaendelea juu ya sitaha yenyewe, mabehewa yakasukumwa ndani na mizigo yake. Mwanangu aliinama akaishika ile reli, hakutaka kuondoka. Kama mtaruhusiwa, ombeni kuoneshwa chelezo pia, pale meli zinapotengenezewa.

Ni eneo la kazi, kwa hiyo tafuteni ruhusa langoni mapema na mwulize kabla ya kupiga picha. Nendeni asubuhi, jua la saa saba pale halina huruma. Kisha pitieni ufuo wa Dunga mkale.