Cheti cha kifo kisisubiri tanga lianuliwe

Wiki hii mama amelipwa mafao ya marehemu baba, namshukuru Mungu. Ndipo nikapata ujumbe wa dada mmoja wa Kibosho: mumewe amefariki, na shemeji zake wanamkataza kugusa karatasi yoyote mpaka ukoo ukae.

Dada yangu, usiwasubiri. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kikao cha ukoo hata mwezi ujao kitakaliwa.

Baba alifia hospitali hapa Moshi. Hospitali ndiyo inayotoa tangazo la kifo, karatasi ya kuthibitisha kifo ambayo ndiyo unaombea cheti. Aliyefia nyumbani, ndugu wanaanzia kwa mtendaji. Wenzangu wakihangaika na jeneza na maturubai, mimi nilisimama dirishani naisoma ile karatasi herufi kwa herufi. Wameandika Emanuel, m moja. Kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki vyote ni Emmanuel. Niligoma kuondoka mpaka iandikwe upya. Karani alinuna, lakini aliandika. Ile m ingetupeleka kwa mawakili kula viapo.

Tulipotoka kuzika kihambani, shamba la ukoo nyumbani kwetu, baba mdogo alininyooshea kidole mbele ya watu: “Udongo haujakauka, wewe unakimbilia mali?” Neno lile linaniuma mpaka leo. Ni mkubwa wangu, sikumjibu. Nilikwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, walipo RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, nikiwa na lile tangazo, kitambulisho cha baba na changu. Siku hizi maombi yanafanyika hata kwa simu kupitia eRITA, mfumo wao wa mtandaoni. Cheti kikatoka.

Bila cheti hicho mahakama ya mwanzo haikufungulii mirathi, hata kama muhtasari wa kikao cha ukoo umesainiwa na wazee wote. Benki na mfuko wa pensheni nao wanaanza kuuliza hicho hicho. Sisi watu wa huku tunachangishana fedha nyingi kwa mazishi, halafu mjane anabaki hana hata karatasi moja mkononi. Tuache! Kumwandikisha marehemu ni kumheshimu, na ni kumlinda aliyemwacha.

Kwa hiyo, dada, kesho asubuhi fuata tangazo hospitali, linganisha majina ukiwa hapo hapo, kisha nenda wilayani. Cheti kikitoka, toa kopi kadhaa, halisi kaa nayo wewe. Shemeji wakiitisha kikao, nenda na kopi.