Baa na migahawa ya viungani: tazama kinachozunguka, achana na mapambo

Msomaji mmoja amehamia mji wa ukubwa wa kati kwenye viunga vya jiji, na anataka orodha ya baa na migahawa kumi bora ya mji wa aina hiyo. Orodha sitoi. Huzeeka upesi mno: mpishi mkuu akiondoka na msaidizi wake, jina linabaki mlangoni na ladha inaondoka nao. Nitakachompa ni namna ya kukagua, na akiizoea atajipangia orodha yake mwenyewe.

Kwanza auelewe mji. Wakazi wengi wa viungani hushinda kazini jijini. Mchana wa siku za kazi meza ziko wazi, jioni familia zinaingia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, halafu Ijumaa na Jumamosi kila mtu anataka meza kwa wakati mmoja. Katikati ya jiji umati huweza kuuokoa hata mgahawa wa hovyo, kwa sababu samaki wanaisha kabla hawajachina. Viungani umati huo haupo. Ndiyo maana jambo la kwanza kuuliza ni kama chakula cha mahali hapo kinazunguka: kinaingia, kinapikwa, kinaliwa, kinaletwa kingine.

Menyu itakujibu nusu ya swali hilo kabla hujatoka nyumbani. Jiko lenye wapishi watatu au wanne linamudu vizuri vyakula vikuu 15, labda 25. Ukikuta vyakula 80 vya nchi nne tofauti, piga hesabu: Jumanne usiku wakija wateja 40, nusu ya vyakula hivyo angalau haviagizwi kabisa, na viungo vyake vimelala kwenye friza vikingoja. Mpishi makini hutumia viungo vichache kwa njia nyingi. Kuku yule yule utamwona kwenye mchuzi, kwenye saladi na kwenye supu. Kiungo cha bei kubwa kinachotokea mara moja tu kwenye menyu nzima, pengine pale ukurasa wa mwisho, usikiagize.

Samaki ni kipimo kizuri kuliko nyama, kwa kuwa hawana subira. Pale ambapo wasambazaji hawaleti mzigo Jumapili, samaki mbichi wa Jumatatu mara nyingi ni wa Ijumaa au Jumamosi. Muulize mhudumu wameletwa siku gani. Anayejua atakutajia siku, au atasema ngoja nikaulize jikoni. Majibu yote mawili ni mazuri. Anayekwambia tu kwamba kila kitu hapa ni kibichi hajakujibu.

Viazi vya kukaanga navyo husema mengi, na ni bei ndogo. Mafuta ya kukaangia hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 175 hadi 190 za Selsiasi. Yakichakaa huanza kutoa moshi mapema, hufanya povu laini lisiloisha, na chakula hukolea rangi nje kabla ndani hakijaiva. Ukila, unabaki na utando mzito kwenye ulimi. Lakini viazi vilivyolegea na kulowa mafuta vyaweza kuwa na chanzo kingine kabisa: kikapu kimejazwa kupita kiasi, joto likashuka ghafla. Hilo hutokea Jumamosi jiko linapoelemewa. Rudi Jumatano. Vikiwa vimekauka na kukakamaa vizuri, mahali hapo hapana tatizo la mafuta, pana tatizo la foleni.

Kwenye bafe kuwa mkali. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 60 au zaidi, na cha baridi nyuzi 5 au chini yake. Kipimajoto huna, ila macho unayo: kifuniko kikiinuliwa mvuke utoke. Ukiona mhudumu anamwaga chakula kipya juu ya mabaki ya cha zamani badala ya kubadilisha trei nzima, chukua mkate na uondoke. Wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, kisha hukua wali ukipoa taratibu na kutengeneza sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi.

Sasa baa, na hapa ndipo watu hudanganywa na taa. Baa yenye bomba 20 za bia ya pipa na wateja kumi kaunta ina bia inayolala kwenye mipira ya kuipitisha kutoka kwenye pipa. Bomba sita zinazofanya kazi usiku kucha ni bora mara mia. Mipira hiyo husafishwa kwa dawa angalau kila baada ya siku 14. Isiposafishwa, bia huanza kunukia siki au siagi, na kosa si la kiwanda. Tazama glasi pia. Vipovu vikiganda kwenye kuta za ndani, kuna mafuta au sabuni humo. Glasi safi huachiwa pete za povu kila unaposhusha kinywaji. Na glasi iliyogandishwa kwenye friza si heshima kwa mteja, maana baridi kali huua ladha ya bia na ulimi wako pamoja.

Mvinyo wa glasi una sheria ile ile. Chupa iliyofunguliwa, ikizibwa na kuwekwa kwenye friji, huvumilia siku tatu hadi tano hivi. Baa inayotoa aina 25 kwa glasi katika mji usio na wanywaji wa kutosha inakuuzia chupa za wiki iliyopita. Uliza imefunguliwa lini, na kama hawajui, omba ufunguliwe nyingine au agiza bia. Kwa vinywaji vya kuchanganya, tazama mambo mawili tu: ndimu zinakamuliwa pale pale au zinatoka kwenye chupa, na barafu ni vipande vikubwa vikavu au vidogo vinavyotiririka maji. Barafu iliyoanza kuyeyuka humaliza kinywaji kabla hujakigusa.

Nyota za mtandaoni zisomwe kwa akili. Alama 4.9 kutoka kwa watu 30 huenda ni ndugu na marafiki wa mwenye mgahawa, 4.3 kutoka kwa watu 900 ina uzito zaidi. Soma maoni ya nyota tatu ya miezi mitatu ya karibuni, kwani anayetoa nyota tatu huwa hana hasira wala mapenzi. Malalamiko ya maegesho yapuuze. Chakula kimoja kikilalamikiwa na watu wasiojuana, kiepuke. Linganisha pia picha za wateja za sahani moja kwa miezi tofauti. Ikibadilika ghafla, mpishi amebadilika, na maoni yote ya nyuma yamekufa.

Kuna wanaobishana nami kuhusu mandhari na muziki. Wabishane. Viti vizuri havijawahi kumponya mtu tumbo.

La mwisho ni saa. Viungani jiko hufunga mapema kuliko baa, wakati mwingine kwa saa mbili nzima, kwa hiyo piga simu uulize jiko linafungwa lini, usiulize baa. Fika dakika 45 kabla ya muda huo, kwa sababu nusu saa ya mwisho wapishi wameshaanza kusafisha vikaangio na hawataki kuvichafua tena. Jumamosi kama huna budi, ingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu au baada ya saa mbili na nusu usiku. Mkiwa zaidi ya sita, agizeni wote kwa pamoja, na wanne wenu angalau wachague chakula cha aina moja.