Mhandisi avae miwani ya nini?

Mdogo wangu, umeuliza simuleta ya udereva, yaani mtambo wa kuigiza kuendesha gari, yenye miwani ya uhalisia pepe (inayokuonyesha mandhari ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake), ina kazi gani kwa anayesomea uhandisi wa ujenzi, kwani anatafuta leseni? Leseni hatafuti, ila barabara anayoichora wataipita wengine.

Chukua barabara ya kutoka Muheza kuja Tanga mjini, uitie kilima kwenye kompyuta. Kwenye mchoro mgongo wa kilima ni mstari tu, unapendeza. Sasa vaa miwani. Jicho lako liko mita 1 na kidogo juu ya lami, mbele ni anga tupu, mara paa! baiskeli na tenga la machungwa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Kanuni za usanifu mara nyingi humpa dereva sekunde 2.5 za kushtuka, maana yake mita 55 zimeshakwisha na breki hujaigusa. Darasani tunaikariri hesabu hiyo. Ndani ya miwani inakutoa jasho. Unarudi kwenye mchoro, unakilaza kilima, unapita tena. Lami ingekuwa imeshamwagwa, ungelia.

Dosari zipo. Kona kali haikusukumi ubavuni kama kwenye gari la kweli, basi ni rahisi kujiona shujaa. Halafu kichefuchefu: macho yanasafiri, mwili umekaa kitini. Anza na dakika 10, na usije umeshiba wali wa nazi.